Vidonge Vyangu na Mtoto Aliyelala Sana

Akina mama, na nyinyi wazee wawili mliokaa karibu na mlango, msiseme amina bado. Hii yangu si ya amina mpaka tufike mwisho, na hata huko mwisho mtaamua wenyewe. Mnanijua, nashona sare za shule hapa Kimumu. Sitataja jina la mtu. Mwenye atajisikia humu ndani, naomba aniache nimalize.

Miaka mitatu iliyopita, wakati wa mvua, niliteleza nikivuka mtaro na mzigo wa vitambaa. Nikavunjika mkono wa kulia, huu. Hospitali wakanifunga plasta, wakanipa vidonge. Daktari alinieleza polepole: hii ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, parasetamoli na kodeini. Ni ya siku tano, usiongeze, usimpe mtu mwingine, maumivu yakizidi rudi hapa. Nilisikia vizuri. Sikuwa na shida ya masikio.

Ndugu zangu, nawaambia, kile kidonge kilinishika siku ya pili. Maumivu yaliondoka, lakini si hayo tu. Ule wasiwasi ninaoamka nao tangu nifiwe na mume wangu, nao uliondoka. Nikakaa kwa kiti nikahisi kama mtu amenifunika blanketi. Siku tano zikaisha, nikaenda duka la dawa nikasema mkono bado. Mkono ukapona, nikaendelea kusema bado. Duka likinikataa, naenda lingine. Nimewahi kwenda mpaka Moi's Bridge, mahali hakuna anayenijua, nimefunga bandeji juu ya mkono uliopona kitambo.

Na mwili haukunyamaza. Nilikuwa najikuna kama mtu ana upele. Nasinzia kwa cherehani, nashona kola nje ndani, siku moja nikajishona kidole. Choo nilikuwa nakaa hata siku sita bila kwenda. Mnacheka? Chekeni, mimi nililia. Nikishikwa na homa, nakunywa dawa ya homa juu yake, na kumbe hiyo nayo ina parasetamoli, kwa hivyo ini langu lilikuwa linaumizwa mara mbili. Nikijaribu kuacha ghafla ni jasho, kutetemeka, tumbo kuendesha. Nameza kimoja, natulia. Hapo ningejua nimefungwa, lakini sikutaka kujua.

Sasa mnajua desturi yetu. Mwenzetu akisema anaumwa, hatuulizi daktari alisema nini. Tunafungua mkoba. Huyu ana ya kichwa, yule ana ya tumbo. Mimi ndiye nilikuwa na ile ya nguvu, na niliipeana kwa roho safi. Nikimpa mtu, nilijiona mama wa huruma, si mtu aliyeshindwa na vidonge.

Dada mmoja wetu akajifungua kwa upasuaji. Msichana, mtoto wa kwanza, baada ya kungoja miaka mingi. Tukaenda kumwona mtoto, na unga, sukari na sabuni. Tulimkuta anatembea ameinama, ameshika mshono.

"Mama," akaniambia, "hizi walinipa hospitali hazinigusi hata."

Nikafungua mkoba, nikampa pakiti nzima. "Meza mbili mbili, asubuhi, mchana na jioni. Hizi ndizo zilinitoa mimi."

"Na kunyonyesha?"

Sikizeni vizuri hapo. Aliniuliza. Mimi nikamjibu, "Hakuna shida, ni ya maumivu tu." Sikujua, na nikajibu kama mtu anayejua. Yeye akaamini, kwa sababu mimi ni mkubwa wake.

Siku tatu baadaye tukarudi kumwombea. Macho yake yalikuwa mazito lakini anatabasamu. "Huyu mtoto ni malaika," akasema. "Hasumbui. Amelala tangu asubuhi." Tukashangilia, maana sisi tuliozaa tunajua watoto wachanga walivyo. Mliokuwepo mnakumbuka ni nani aliongoza maombi. Ni mimi. Nilimshukuru Mungu kwa mtoto mtulivu. Nilishukuru kwa sauti kubwa, tukaimba na kupiga makofi, na mtoto hakushtuka.

Tukiwa tunanawa mikono tule, akaingia nyanya wa mtoto, yule wanayemwita kogo, ametoka Chepsaita. Hakutusalimia. Alienda moja kwa moja kwa mtoto, akamfinya kisigino, akamfungua mdomo na kidole.

"Amenyonya saa ngapi?"

Hakuna aliyejua.

"Mtoto wa siku tisa halali hivi. Hata ndama husimama atafute mama yake. Midomo inageuka rangi, na nyinyi mnapakua chakula?"

Jirani akatoa gari. Mimi ndiye nilimbeba mtoto. Kifua kilikuwa kinapanda, halafu kinakaa, kinakaa, mpaka nadhani imeisha, halafu kinapanda tena. Hospitali, daktari msichana akamfungua macho, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Akamgeukia dada yetu. "Wewe mama, unakunywa dawa gani?"

Dada akasema, "Za hospitali tu." Halafu akaniangalia. Alikuwa ananihifadhi. Mtoto wake anakufa na bado ananipa heshima.

Na mimi nikanyamaza. Nataka mjue nilikuwa nawaza nini, kwa sababu nimeapa kusema yote. Sikuwa nawaza mtoto. Nilikuwa nawaza, nikisema, nitapata wapi vingine kesho?

Mtoto alikuwa bado mikononi mwangu. Kifua kikashuka, hakikupanda. Nikamwambia daktari, "Ni mimi." Nikaumwaga mkoba juu ya meza, uzi, mkasi, na pakiti tatu. Akasoma pakiti moja, akanyakua mtoto, akakimbia.

Walimpa hewa, wakamdunga dawa ya kuipinga ile. Baadaye daktari akatueleza kuwa kodeini inapita kwa maziwa, na kuna akina mama ambao miili yao inaigeuza kuwa kali sana, mtoto mchanga hawezi kuibeba, pumzi inasahau kazi yake. Mtoto alikaa wadi siku nane. Nje ya wadi kogo, ambaye alikuwa ameshasimuliwa yale maombi yangu, alinikuta nimeketi kwa sakafu. Aliniambia neno moja tu: "Na ulishukuru." Afadhali angenipiga.

Yule daktari ndiye aliniuliza, "Na wewe mwenyewe je?" Nikalia mpaka nikakosa sauti. Akanipunguzia kidogo kidogo, hakunikatia ghafla, ini likapimwa, nikapelekwa kwa kundi la watu kama mimi. Ilichukua miezi. Nilianguka mara mbili, nikarudi.

Namshukuru daktari. Namshukuru kogo. Namshukuru mama wa duka la dawa aliyewahi kunikatalia, nikamtukana. Nimeenda kumwomba msamaha. Na yule dada alikaa mwaka mzima bila kunisalimia, na sikumlaumu. Siku aliyonisalimia alisema tu, "Mama, habari ya asubuhi." Nilienda nyumbani nikakaa chini.

Sisemi dawa ni mbaya. Ilinisaidia siku tano. Ya sita ndiyo ilikuwa yangu na ujinga wangu. Dawa yako ni yako, imepimwa kwa mwili wako. Anayenyonyesha aulize daktari, asiniulize mimi. Na wewe mwenye unameza na hakuna kinachouma, njoo tuongee, sitakushangaa.

Yule mtoto sasa anakimbia. Jumapili iliyopita alilia katikati ya mahubiri, mhudumu akasimama amtoe nje, na mimi nikamshika mhudumu mkono. Wengine mlinong'onezana. Mwacheni alie. Mimi nikisikia hiyo sauti, hapo ndipo nasema amina.