Wake Saba na Jino Moja

Ijumaa alasiri, kwenye benchi la mbao lililo kati ya cherehani ya Sindano na birika la Bi Moto, watu walikuwa wameinamia simu moja kana kwamba imetoa moshi. Simu ilikuwa ya Sindano, fundi nguo, ambaye kila Jumapili baada ya ibada hufundisha darasa la Biblia la watu wazima. Mwezi uliopita alichota mtandaoni somo kwamba malaika wana makundi ya damu, akalifundisha kifua mbele, watu wakacheka mpaka getini. Mchungaji akamvuta pembeni: somo jingine la namna ile, darasa anapewa shemeji yake, kaka wa mkewe. Na shemeji mwenyewe, msimwone kimya, ameshanunua koti. Ndiyo maana safari hii Sindano, kabla ya kuthubutu, alilileta somo kijiweni likaguliwe kama ni safi.

— Linasema hivi, — akasoma, baada ya kutoa pini mdomoni. — Yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, ambaye Msamaria mwema alimwokota njiani, yalimkuta yale kwa sababu alikuwa hajatoa zaka.

— Tamu hiyo! — akasema Bi Moto, muuza kahawa. — Jirani yangu juzi ameibiwa kuku watatu. Kumbe!

— Subiri kwanza tukague, Bi Moto.

— Kagueni ninyi. Mimi ya kuku nimeshaielewa.

Mama Vocha, mwenye kibanda cha pembeni, aliinyakua simu.

— Imekula MB ngapi kufunguka?

— Mbili na ushee.

— Basi ni safi. Uzushi hauji kwa maandishi, baba, unakuja kwa video. Uzushi mmoja tu unamaliza kifurushi cha wiki. Si nawaona wateja wangu?

— MB si hoja, — akadakia Breki, aliyeendesha malori miaka thelathini mpaka mgongo ukamgomea. — Ilifunguka haraka au polepole?

— Polepole mno. Nilimaliza pindo za suruali mbili.

— Umeona! Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Kweli ina mzigo mzito, haiwezi kupanda mlima kwa gia ya tano.

— Na haya matangazo ya dawa ya upara yanayopitapita juu ya somo? — akauliza Sindano.

— Usione vyaelea, vimeundwa.

Sindano alitamani sana kuamini. Lakini kila alipofumba macho alimwona shemeji mbele ya darasa, ndani ya lile koti, akisema, "Tumshukuru fundi kwa juhudi zake."

— Mimi si mjinga, — akasema. — Nimelitafuta na kwingine. Tovuti saba, walimu saba, wote wanasema hivyohivyo, neno kwa neno.

— Saba! — Breki akapiga goti. — Mashahidi wawili watatu tu wanatosha. Wengi wape!

— Ila kuna kitu kidogo kinanikera. Kila mwalimu, katikati ya somo, anaomba radhi kwa kuchelewa. Anasema mkewe aliumwa jino.

Bi Moto aliliweka birika chini.

— Wote saba?

— Wote saba. La juu, kushoto.

— Masikini wake za watumishi, — Mama Vocha akashika shavu.

— Si bure, — Breki akanong'ona. — Hayo ni mashambulizi. Shetani akiona fundisho ni la kweli, mwalimu hamwezi, anapitia kwa mke. Ukisikia fundisho la uongo, mke wa mwalimu ana meno yote.

— Mke wa mchungaji wetu anayo yote, — Bi Moto akasema kwa sauti ya chini, ile yake inayosikika mpaka ng'ambo ya barabara.

— Bi Moto!

— Nimesema nini? Akicheka si yanaonekana?

— Na mkeo je, Sindano? — akauliza Breki.

— Mke wangu mzima.

— Hapo sasa! Mficha uchi hazai. Mlete afumbue kinywa tuhakikishe.

Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi muuguzi mmoja, mgeni pale, aliyeleta gauni likunjwe pindo.

— Samahani wazee wangu, — akasema. — Ni mstari gani unaosema hakutoa zaka?

Sindano alipandisha somo, akalishusha. Tovuti ya kwanza, ya nne, ya saba. Breki alikohoa. Mama Vocha akakumbuka mteja ambaye hakuwapo.

— Tuangalie basi kwenye Biblia, — akasema muuguzi.

Kijiwe kizima kilikuwa na simu nne na chaja mbili. Biblia hakuna. Muuguzi akatoa yake ndogo mkobani, akamfungulia. Sindano alisoma kwa kidole, midomo ikicheza, akamaliza kabla kahawa haijapoa.

— Mtu alikuwa anajisafiria zake tu, — akasema polepole. — Zaka haimo.

— Usiniambie! — Bi Moto akaruka. — Nimeshawatumia ujumbe majirani sita!

Sindano alilifuta somo, jasho likimtoka kama aliyevuka barabara bila kutazama.

— Binti yangu, niazime hii mpaka Jumapili. Gauni nitakushonea bure.

— Chukua tu, baba. Lakini mwalimu wa Biblia, yako iko wapi?

— Ipo. Shemeji yangu aliiazima mwezi jana.

— Anaifanyia nini?

Sindano alitazama ukutani.

— Anaisoma, — akasema, na hata Breki akakosa methali.