Ragnfrid na Sentensi Moja Zaidi

Tone. Kimya. Tone. Ni kahawa inayochujika jikoni, gizani, asubuhi ya Januari ambayo jua halina mpango wa kuchomoza. Torunn, akiwa bado kitandani, alijua kwa sauti hiyo tu kwamba mama yake ameamka na ameanza kusoma makala za watu.

Wasikilizaji wapendwa, mama huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Ragnfrid Tveitane. Mhariri mkuu wa jarida dogo la utafiti wa samaki, hapa kwetu Tromsø, kaskazini ya mbali. Ametutoka wiki iliyopita.

Alitufundisha pia darasa la jioni, na huko ndiko nilikomsikia akieleza kazi yake. Makala ikishachapishwa, kosa likaonekana, kuna njia mbili. Kosa dogo, kama tarakimu iliyoruka, hutolewa masahihisho. Kosa likiangusha hoja nzima, makala hubatilishwa.

"Basi mnaifuta?" nikauliza.

Akacheka. "Tuifute, binti? Na waliokwisha kuitegemea watajuaje? Inabaki palepale, ila kila ukurasa unapigwa neno moja kubwa: IMEBATILISHWA."

Inabaki palepale! Nilirudi nyumbani nikiliwaza jambo hilo njia nzima.

Sasa sikilizeni mkasa wa Eyvind Skarholt, mtafiti, rafiki yake wa siku nyingi. Makala yake ilisema samaki wa fiodi moja, yaani mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, hukua haraka kuliko wa fiodi ya jirani. Umri wao aliujua kwa kuhesabu miduara, mmoja kwa kila mwaka, kwenye vijiwe vya masikioni mwao. Miaka ikapita, watu wakaitumia makala ile. Siku moja, akipanga kabati, Eyvind akagundua kwamba trei mbili za vijiwe zilibadilishana. Samaki wa huku walikuwa wa kule.

Akaenda kwa Ragnfrid, kofia mkononi. Torunn alikuwepo, na anayakumbuka mazungumzo yao.

"Mzee wewe! Umechanganya samaki kama soksi?"

"Cheka tu. Nipe masahihisho, yaishe."

"Hoja yote imegeuka kichwa chini, Eyvind. Hayo si masahihisho."

"Mkiibatilisha, watu watasema nimeghushi. Nifanye kazi maisha yangu yote, halafu nife na jina la mwongo?"

Hilo ndilo lililomtesa, wasikilizaji. Jina.

Uamuzi hakuufanya Ragnfrid, kwa sababu ya urafiki wao. Aliwaachia wahariri wenzake wawili, nao wakaibatilisha. Mchapishaji akaleta tangazo lake la siku zote: "Makala hii imebatilishwa." Basi. Aliyeghushi takwimu angepewa maneno hayo, na Eyvind naye hayohayo.

Ragnfrid akakataa kulitoa. "Ongezeni sentensi moja," akasema. "Nini kilitokea, na nani alikigundua. Si kwa Eyvind peke yake. Kwa kila mtu, kuanzia leo."

Mwanasheria wa mchapishaji akasema maneno mengi huleta kesi. Ragnfrid akasema basi atajiuzulu.

"Nyumbani hapakukalika," anasema Torunn. "Nikamwambia, mama jamani, ni sentensi tu! Akaniangalia kama nimemwaga maziwa ya mtoto."

Mchapishaji akakubali, shingo upande.

Kwako Torunn, na kwa familia yote, poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize: mtu akija mwenyewe kusema amekosea, sisi tunamwandika vipi?

Juzi, baada ya mazishi, tulikuwa kwenye kahawa na keki. Eyvind akasimama, mkononi ana ukurasa wa makala yake, wenye lile neno kubwa, IMEBATILISHWA. Alitaka kulisoma tangazo lake mbele ya watu. Akafika nusu, akaishusha karatasi. Binti wa Torunn, aitwaye Live, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusoma, akaichukua karatasi ile. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, akasoma kwa sauti, neno baada ya neno:

"Kosa hili limegunduliwa na kutangazwa na mwandishi mwenyewe."