Historia ya Bi Kabla, Daktari wa Usingizi

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma historia hii, na naisoma nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Mei 1966, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mwalimu wa chekechea, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya bweni, ambako alirudishwa nyumbani mara mbili kwa kubishana na walimu, na mwaka 1991 akahitimu udaktari.

Mwaka 1992 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa binti na mvulana. Binti alizaliwa kwa upasuaji tarehe 3 Septemba 1993, mama akiwa macho, amechomwa ganzi ya mgongo, mikono imefungwa kwenye mbao, akatapika tangu kisu kilipoingia hadi uzi wa mwisho, na mtoto alipoletwa shavuni kwake akageuza uso asimtapikie. Jambo hilo lilimkaa rohoni maisha yake yote.

Ndiyo maana akasomea dawa za usingizi, na kuanzia mwaka 1999 akawakalia kooni wenzake hospitalini, kwamba dawa ya kuzuia kutapika itolewe kabla, presha ya mama isiachwe iporomoke ndipo watu waanze kukimbizana, na mfuko wa uzazi usivutwe nje ya tumbo kushonwa pasipo ulazima, maana hayo nayo humtapisha mama. Wakamwita Bi Kabla, wakacheka, wakasema kutapika hakuui mtu, naye akawaambia hata kofi haliui, mbona hawajipigi. Mwishowe wakamsikiliza, na kwa miaka mingi mabeseni ya matapishi yalikaa kabatini.

Mwaka juzi figo zilimlazimisha kuacha kazi, na haukupita muda dawa zikarudishwa stoo, zisitolewe mpaka mama atapike kwanza na daktari aandike kwamba ametapika. Mwezi uliopita binti yake alijifungua kwa upasuaji katika chumba kile kile alichofanyia kazi mama yake, dada akiwa amelazwa wodi ya juu, na alipopelekewa mjukuu aliuliza kwanza kama binti alipewa dawa mapema. Shemeji alishindwa kudanganya, binti alikuwa ametapika mpaka akaishiwa nguvu. Dada alilia kwa hasira, akasema akipona atashuka kuwafokea mwenyewe. Hakupona, alitutoka Jumanne alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, waliomtunza vizuri, majirani waliotupikia na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake wa chumba cha upasuaji, walioleta shada kubwa kuliko yote. Mkuu wa upasuaji, shada tumelipokea, lakini kesho asubuhi kuna akina mama watapanda kwenye meza yako, toa dawa stoo, la sivyo utanikuta mlangoni.

Dada, wewe pumzika kwa amani, ugomvi wako tuachie sisi.