Ndege wa Halfani

Mchana mmoja wa Juni mwaka 1954, baridi ya Iringa bado imeng'ang'ania masikio ya watu, benchi la nje ya duka la Halfani, fundi cherehani, lilikuwa limejaa. Muharami, muuza kahawa, anamimina vikombe, na Halfani amesimama juu ya stuli akitundika saa ya mbao ukutani. Miezi mitatu nyuma alikwenda kwenye mnada wa mlowezi mmoja kununua meza ya kukatia nguo, akarudi na hiyo saa, imekufa, imejaa masizi na mayai ya mende. Mtaa ulimcheka. Kudra, mkewe, akaendelea kukatia nguo sakafuni. Sasa zilibaki dakika chache itimie saa sita.

—Humo mna ndege, alisema Bushiri, aliyeitwa Gazeti kwa kupenda kutangaza habari. Ndege kweli. Walimkausha kama dagaa.

—Wa mbao, Gazeti. Nimempaka rangi mwenyewe.

Kalinga, aliyepigana Burma na kubaki na jina la Afande, akatikisa kichwa.

—Kule Burma tuliambiwa. Ndege wa saa anahesabu askari, halafu anapeleka taarifa.

—Kwa nani? aliuliza Halfani.

—Kwa saa nyingine!

—Ndiyo maana wahenga wakasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Gazeti.

—Guu na saa wapi na wapi? alisema Afande.

Muharami akauliza:

—Na sauti, fundi, inatoka wapi?

—Mna viriba viwili, mfano wa mivukuto ya mhunzi, vidogo kama kiganja cha mtoto. Panya walivila. Nimevishona mara nne kwa ngozi ya mwanambuzi. Magurudumu niliyaosha kwa mafuta ya taa na unyoya wa kuku, kila moja nikalichora kabla ya kulitoa. Hata hivyo, siku ya kwanza kuunga, moja lilibaki kwa jirani, kwenye meza niliyoazima. Nikafungua yote upya.

Safari hii hakuna aliyecheka.

Mshale ukafika. Ndege hakutoka. Mara kikasikika kishindo kidogo, mlango ukafunguka, ndege akainama.

—Ku-ku!

—Anataja kuku! alipiga kelele Afande.

—Kumi na mbili, alihesabu Gazeti. Lakini ni saa sita! Mwongo huyu!

—Anahesabu kizungu, alisema Halfani. Kama uso wa saa ulivyoandikwa.

Kudra alikuwa ametoka mlangoni, chaki ya kuchorea nguo mkononi, machozi yanamlengalenga.

—Mwambie arudie, alisema.

Watu wakaangua kicheko, na Halfani akacheka zaidi ya wote.

Wakati huo akafika Mwalimu Liberatus wa shule ya misheni, amekumbatia saa kubwa iliyofungwa kwenye blanketi.

—Hamjambo wazee. Naomba kuuliza, fundi saa ni yupi hapa?

Gazeti na Afande wakamgeukia Halfani. Halfani mwenyewe aligeuka nyuma, kama aliyetaka kuona nani anaulizwa. Kudra akamsukuma mgongoni, taratibu, naye akashuka kwenye stuli na kunyoosha mikono yote miwili.