Mafuta ya Nazi Kwenye Feni

Basi la Rondo lilikuwa tulivu, nami nilikaa nyuma ya abiria wawili. Mmoja, Edwin, alikuwa akimsimulia mama aliyekaa kando yake kuhusu feni ya gari lake, ile inayopuliza kioo cha mbele. Ilikuwa inalia, akaifungua mwenyewe nyumbani Rasbura, mjini Lindi, akaipaka mafuta ya nazi kabla ya kupanda Rondo mwezi wa saba.

“Ikanyamaza, mama. Nikajiona fundi.”

“Mafuta ya nazi, Rondo, mwezi wa saba?” Mama akacheka. “Kule juu yanaganda chupani kwa baridi, mwanangu!”

“Ndivyo. Napanda alfajiri kumzika baba mdogo, feni ikagoma, kioo kikajaa ukungu. Nikaegesha kusubiri jua. Nilipofika, walikuwa wanaosha majembe.”

Mama akaacha kucheka.

“Leo ni arobaini,” Edwin akasema. “Mjane wake anaamini nilimdharau aliyenilea.”

“Mweleze habari ya mafuta.”

“Atanicheka.”

“Heri akucheke.”

Mimi nilikuwa upande wa mama, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Basi likasimama. Kabla hajashuka, Edwin akamwuliza kondakta gari la kwanza la kurudi Lindi linapita saa ngapi.