Shingo ya Gitaa la Seremala

Benchi la kando ya kinyozi lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa matofali, na anayekalia upande wa matofali huwa hana maneno mengi kwa kuogopa kuanguka. Asubuhi hiyo aliyekaa hapo alikuwa Nyuzi, mpiga gitaa, na gitaa lenyewe amelipakata kama mtoto mwenye homa. Marehemu baba yake, seremala wa milango na vitanda, ndiye aliyelitengeneza kwa mikono yake, akafariki Nyuzi akiwa bado anajifunza kutembea. Lilikuwa gitaa zuri la kutazama, ila shingo yake ilikuwa nene kama mpini wa jembe. Nyuzi akipiga nyimbo mbili tu, kifundo cha mkono kinawaka moto. Juzi kiongozi wa kikundi chao alimwambia bila kumumunya maneno: achonge hiyo shingo, au gitaa libaki nyumbani na atafutwe mpigaji mwingine. Tupa na msasa alikuwa navyo. Alichokosa ni moyo wa kuanza, ndiyo maana akaja kijiweni, mahali pabaya kuliko pote pa kuomba ushauri.

— Lete nishike, akasema Sindano, fundi cherehani. Akaizungushia shingo vidole vyake vyembamba, akafumba macho kama anayepima kiuno cha mteja. Unene uko huku juu, karibu na kichwa.

Akatoa chaki yake ya kazini, akapachora.

— Huko juu pako sawa kabisa, akasema Spana, fundi baiskeli, mwenye vidole vinavyojaa hata kwenye kikombe. Tatizo liko chini, inapoungana na tumbo.

Akaazima chaki, naye akapachora.

Wa tatu alikuwa Shahidi, aliyeitwa hivyo kwa sababu, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuna jambo lililowahi kutokea mtaani asiwepo. Huyo akashika katikati, akatikisa kichwa kwa huruma, akapaka chaki katikati yote.

Nyuzi akalitazama gitaa lake. Shingo ilikuwa nyeupe kuanzia juu mpaka chini.

— Sasa nichonge wapi?

— Kwenye chaki, akasema Sindano.

— Chaki iko kote.

— Akichonga kote itakatika, akasema Spana. Achonge pasipo na chaki.

— Pasipo na chaki ni wapi?

Wakainama wote watatu kupatafuta, vichwa vikagongana.

— Shida yangu si chaki, akasema Nyuzi. Mimi baba simkumbuki. Sura simkumbuki, sauti simkumbuki. Lakini nikiweka kiganja hapa, najua na chake kilikaa hapahapa. Nikipitisha tupa, nimekifuta.

Shahidi akamsogelea.

— Nikwambie kwa nini ni nene? Mzee wako alikuwa na mkono. Akikusalimia, wako unapotea kabisa, unasubiri aurudishe.

— Si mkono, akasema Sindano. Ni mvua. Mbao inakunywa maji. Kila masika hiyo shingo inanenepa. Mzee aliiacha nyembamba kama yangu.

— Kama ni mvua, mbona tumbo halikunenepa? akauliza Shahidi.

— Tumbo lina tundu, maji yanatoka.

— Acheni hayo, akasema Spana. Humo ndani kuna chuma. Alipitisha bomba la baiskeli, akalivika mbao. Ukichonga utakutana nalo, na hapo usije kwangu.

— Chuma cha nini? akauliza Sindano.

— Nguvu. Yule mzee alikuwa anapiga kwa nguvu. Mimi namkumbuka anaendesha baiskeli huku anapiga.

— Usukani ameshika na nini? akauliza Nyuzi.

— Hapo sikutazama vizuri.

— Baiskeli kitu gani, akasema Shahidi, ambaye hakupenda mwingine ashuhudie kumpita. Nilikuwepo alipopiga kwenye harusi moja, bibi harusi akamsahau bwana harusi. Ilibidi wakumbushwe wote wawili.

— Harusi ile nami nilikuwepo, akasema Sindano. Gitaa alilipigia mgongoni.

Nyuzi alijua wanamwongopea angalau nusu, lakini hakujua nusu ipi. Alisikiliza kama mwenye njaa, na kila uongo ukamfurahisha na kumwumiza papo hapo. Akazidi kuikumbatia ile shingo, chaki ikampaka shati lote.

Shangazi yake, dada wa marehemu, akatokea akitoka kusaga, ndoo ya unga kichwani.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba. Mbona na wewe umejaa unga?

Wakamweleza wote kwa pamoja: kifundo cha mkono, mvua, bomba, harusi. Shangazi akatua ndoo chini ili asikie vizuri.

— Aliyepiga harusini ni nani?

— Mzee, akasema Shahidi, lakini kwa sauti ndogo.

— Kaka yangu? Kaka yangu hakujua kupiga gitaa. Hata kuimba tulikuwa tunamkataza.

Spana akageuka kuangalia baiskeli iliyokuwa ikipita. Sindano akakohoa. Nyuzi akahisi matofali yanamponyoka chini.

— Hajawahi kulipiga kabisa, shangazi?

— Siku lilipokwisha alilikwaruza mara moja, mbwa wa jirani akabweka, akalitundika ukutani. Ulikuwa na siku chache tu tangu uzaliwe. Mimi nikamwambia, hii shingo mbona nene hivi, hebu ipunguze. Akanicheka. Akasema mbao ikishatoka hairudi, acha ibaki.

Akalichukua gitaa, akajaribu kuishika shingo. Vidole vyake havikukutana.

— Na mkono wake ulikuwa kama wangu huu, tulikuwa tunavaa pete moja. Sasa niambieni nyinyi mnaojua mambo. Mtu hajui kupiga, na mkono wake haufiki. Mbao yote hii aliiacha ingoje mkono wa nani?

Sindano akaanza kufuta chaki yake kwa ncha ya shati, taratibu, kama aliyeshika kitu cha watu. Wakamtazama Nyuzi. Alikuwa ameunyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya uso, anaugeuza huku na huku, mkono wa mtu mzima ambao baba yake hakuwahi kuuona.