Komeo Liko Ndani au Nje?

Benchi letu liko mbele ya banda langu la viatu, ubavuni mwa duka la kinyozi, chini ya ukuta ulioandikwa "Usibandike matangazo hapa" na kubandikwa matangazo mpaka maandishi yenyewe hayasomeki. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali. Kinyozi tunamwita Redio, maana hana kitufe cha kuzimia. Jaji alikuwa tarishi wa mahakama mpaka alipostaafu, na kwa kuwa alibeba mafaili ya kesi miaka mingi, anaamini sheria ilimwingia kupitia kwapani. Kufuli ni fundi vitasa. Mtaa mzima unalala salama kwa mkono wake. Wa nne ni mimi, fundi viatu, mwenye akili timamu peke yangu, na hilo nalisema mwenyewe kwa sababu wale wengine hawatalisema. Kahawa inaletwa na mama mmoja asiyecheka, tunamwita Spika, kwani birika lake likiisha ndio kikao kimefungwa.

Benchi lina sheria moja tu. Swali likitushinda sote, yule ambaye kazi yake iko karibu na swali ndiye anayekwenda kulitafutia jibu, na hakai tena mpaka amelipata. Ndivyo mimi nilivyowahi kuulizwa kwa nini kiatu kipya hulia mguu mmoja tu. Nikafumua jozi ya mteja kutafuta jibu. Jibu nililipata, mteja sijampata tena.

Basi asubuhi hiyo Kufuli alikuja amenuna, kama aliyefiwa na mtu asiyempenda. Akakaa, akapokea kikombe, hakunywa. Tukamwachia nafasi. Akaanza kutueleza kwamba binti yake, yule anayefanya kazi kwa wakala wa safari, amepewa zawadi ofisini kwa uchapakazi wake, na mtoto mwenye adabu zake amewapa wazazi wake hiyo zawadi. Baba na mama wanapelekwa kisiwani, kile cha zamani chenye ngome na mizinga yenye kutu, wakalale hotelini na kuhudumiwa. Binti atapiga simu kabla ya adhuhuri kutaka jibu. Baba akisita, nafasi inakwenda kwa mwenzake wa ofisini.

Hapo sote tulijua habari ya mkewe. Jikoni kwao kuna kalenda ya mwaka uliokwisha zamani, miezi yote imechanwa, imebaki picha ya kisiwa chenye kuta nyeupe. Kufuli alimwahidi fungate kisiwani walipooana. Fungate wakaenda kuila kwa mjomba, kwenye stoo ya milango ambayo kitasa chake alikitia Kufuli mwenyewe.

— Sasa tatizo liko wapi? nikamwuliza.

— Hoteli yenyewe ilikuwa gereza.

Redio akaweka kikombe chini. Hilo peke yake lilikuwa tukio.

— Gereza la kweli?

— La kweli. Wamepaka rangi, wametia mapazia. Chumba cha mgeni ndio chumba cha mfungwa.

Nikamtazama Kufuli usoni nikamwelewa palepale. Hakuja kutafuta ushauri. Alikuja kukatazwa. Kumwambia mkewe "sitaki" ulimi ungemshinda, lakini "wenzangu wamenikataza" ni maneno yenye uzito, na lawama inagawanywa sawasawa kwa watu wanne. Na sisi si watu wa kumwangusha rafiki.

Redio ndiye aliyefungua. Akasema hoteli za visiwa vya kale anazijua zote, ingawa mbali kabisa alikowahi kufika ni kwa wakwe zake. Iko ya ndani ya mnara wa taa, akasema, taa inazunguka usiku kucha, kwa hiyo mgeni anasinzia inapompa kisogo na kuamka inapomrudia. Iko ya chini ya maji, ukuta wa kioo, samaki wanakuja kukutazama unavyokoroma, wanakwenda kuwaita wenzao. Lakini hiyo ya gereza, akasema, ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ya warithi.

— Warithi gani? akauliza Jaji, ambaye neno lolote la mahakamani humkalisha wima.

— Wajukuu wa wafungwa. Kuna mmoja alikwenda pale mapokezi akasema, chumba cha tatu ni cha babu yangu, nimekuja kukirithi. Wakamwambia karibu sana. Babu yako alitoroka akiwa amebakiza miaka minne. Ukirithi chumba, rithi na kifungo.

Tukacheka mpaka Spika akatugeukia. Kufuli naye akacheka kidogo, akanywa kahawa yake kwa mara ya kwanza. Kila neno baya tulilosema lilikuwa linamponya.

Jaji hakucheka. Alikuwa anapanga hoja. Akakohoa, akavuta shati, akasema tatizo hasa si warithi bali ni hati. Mfungwa anaingia gerezani na hati, na katika hati hiyo imeandikwa siku ya kutoka.

— Sasa wewe Kufuli, akasema, umehukumiwa?

— La, sijahukumiwa.

— Basi siku yako ya kutoka iko wapi? Aliyehukumiwa ana mwisho. Asiye na hatia ndiye hana mwisho, kwa sababu hana mwanzo. Watakuachia kwa hati ipi?

Hilo lilituingia. Nakiri kwamba hata mimi, pamoja na akili zangu timamu, nilikaa kidogo nikilitafuta kosa lake na sikuliona. Jaji alipoona tumenyamaza akaongeza methali, maana hawezi kufunga hoja bila methali, na methali zenyewe huzivaa kama viatu vya kuazima. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akasema, na kwamba mahali pengine hiyo ni methali lakini kwa gereza hiyo ni ratiba. Akasema tena kwamba maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, ndiyo maana yeye akipanda boti havui hata kofia.

Na mimi nikachangia changu. Nikasema katika hoteli kama hiyo viatu vya wageni hukusanywa jioni na kufungiwa ofisini, wasitoroke kabla ya kifungua kinywa. Sijui nilikitoa wapi. Kijiweni maneno yanakuja yenyewe.

Basi mambo yakawa yanazidi. Redio akasema asubuhi wageni wanapangwa mstari na kuhesabiwa. Jaji akasema chai inapitishwa kwenye tundu la mlango. Mimi nikasema anayelalamika chakula kibaya anaongezewa siku. Mwishowe Jaji akasimama, akaweka mkono kifuani, akatoa hukumu ya benchi: Kufuli asiende, na mkewe aambiwe kwa upole.

Nilitegemea Kufuli ashukuru. Ndicho alichokuja kukitafuta, na tumempa na nyongeza. Badala yake akawa anatazama ndani ya kikombe chake.

— Jana nimemkuta anapiga pasi gauni, akasema. Anaimba. Tangu tulipomwoza binti wa kwanza sijamsikia akiimba.

Redio mwenyewe alizimika.

— Sasa wewe unataka kwenda au hutaki? nikamwuliza, na sauti yangu ilikuwa kali kidogo, maana huruma ikinishika mimi hutoka kama ugomvi.

— Naogopa, akasema. Kitasa ambacho sijakitia kwa mkono wangu hakinipi usingizi. Maisha yangu yote nimewafungia watu milango. Mimi mwenyewe sijawahi kulala nyuma ya mlango wa mtu mwingine.

Tulikuwa tunalijua, ila hatujawahi kumsikia akilitamka. Nyumbani kwake huamka usiku kwenda kuligusa komeo, watoto wamekua wakisikia nyayo zake. Harusi ya mdogo wake, kwenye nyumba ya kupanga, alikesha juu ya kiti akiwa ameegemea mlango. Asubuhi wageni wakadhani ni mlinzi, wakamwachia viatu vyao. Hapo tulipokumbuka hiyo tulitaka kucheka tena, lakini uso wake haukuturuhusu. Rafiki yetu alikuwa na hofu, na mkewe alikuwa na gauni lililopigwa pasi, na sisi tangu asubuhi tulikuwa tunaichochea hofu.

Hapo ndipo mkewe alipotokea.

Alikuwa amelivaa hilo gauni. Mkononi kibegi. Kila siku hupita hapa akienda sokoni, anatusalimu kwa mbali kwa adabu, lakini hajawahi kusimama. Siku hiyo akasimama.

— Hamjambo, shemeji zangu.

— Hatujambo, shemeji. Karibu.

Tukasogea, tukajibana ili apate nafasi. Akasema hakai, ana swali moja tu, kwani mumewe humsimulia kila jioni mambo ya benchi hili na amesikia kuwa maswali yanapokelewa. Jaji akaona heshima kubwa imetuangukia. Akamwambia aulize bila woga.

— Hivyo vyumba vya ile hoteli, akasema, komeo la mlango liko ndani au nje?

Jaji akafungua mdomo haraka. Liko nje, akasema, gereza hufungwa kwa nje, hilo hata mtoto anajua. Redio akamkata: likiwa nje, mgeni ajifungie vipi akitaka kulala? Jaji akasema basi wamelihamishia ndani. Mimi nikasema mlango wa chuma wa zamani huwezi kuuhamishia komeo kama unavyohamisha soli, utatoboa wapi? Redio akasema labda yapo mawili, moja la ndani, moja la nje. Jaji akauliza, sasa yakifungwa yote mawili kwa wakati mmoja, nani yuko huru? Akatafuta methali ya kufungia, akasema asiyekuwepo na lake halipo, kisha akanyamaza, kwa sababu hata yeye aliona haikai.

Tukarudia tangu mwanzo. Tukashindwa tena. Spika alitumiminia kilichobaki, akasimama na birika lake kutusikiliza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Wakati wote huo Kufuli alikuwa ameinama, ameshika chaki yangu ya kuchorea soli, anachora mlango juu ya ubao wa benchi. Akachora bawaba. Akachora unene wa ukuta. Akafuta kwa kidole, akachora upya.

— Inategemea mlango unafungukia wapi, akajisemea. Ukifungukia nje, hapa pana nafasi. Ukifungukia ndani... hapana. Wamefanyaje hapa?

— Swali limetushinda, nikasema polepole.

— Limetushinda, akasema Redio.

— Na kazi ya nani iko karibu nalo? akauliza Jaji, na hapo nadhani hata yeye alikuwa ameshaliona.

Tukamgeukia Kufuli sote. Kisha tukamgeukia mkewe, ambaye alikuwa anatazama matangazo ukutani kama mtu asiyehusika. Simu ikalia ndani ya kibegi chake. Akaitoa, akamkabidhi mumewe bila kuitazama.

— Ndiyo, mwanangu, akasema Kufuli. Hatujambo. Sikiliza, hebu niulizie hapo hotelini, milango yao... Akasita. Akautazama mchoro wake kwenye ubao, akamtazama mkewe na lile gauni. La, akasema, usiwaulize. Nitakwenda kuangalia mwenyewe.

Mkewe akafunga zipu ya kibegi. Kufuli akanyanyuka kwenda dukani kwake kuchukua mfuko wa vifaa, bisibisi, tupa na tochi ndogo. Mkewe akamwambia mfuko wa vifaa unabaki.

— Sasa nitaangaliaje?

— Kwa macho, baba watoto.

Wakaondoka. Siku walizokuwa huko benchi lilikosa raha. Hatukuzungumza jambo lolote ila komeo. Wengine tulisema ndani, wengine nje, na Redio alimkata mteja nywele upande mmoja akasahau upande wa pili kwa kubishana. Nilihuzunika kidogo, nisiseme uongo. Nilimwona Kufuli kichwani mwangu amekaa juu ya kiti usiku kucha, ameegemea mlango wa chuma, mkewe akiwa peke yake kitandani na gauni lake.

Wakarudi asubuhi, wakapitia kwetu kabla hata ya kufika nyumbani. Mke amechomwa na jua puani na anatembea kama msichana. Kufuli yuko nyuma na kibegi, na uso wake umekuwa laini namna ambayo sikuizoea. Jaji hakungoja salamu.

— Ndani au nje?

Kufuli akasimama. Akanitazama mimi, akamtazama Redio, akatazama chini.

— Sikuangalia, akasema.

— Hukuangalia vipi? Umekwenda kwa kazi hiyo.

— Tulifika tumechoka. Tulitembea ngome yote, tukapanda juu kwenye mizinga, huyu akataka tuone na upande wa pili. Tulipoingia chumbani nikakaa kitandani nivue viatu. Nikalala.

— Na usiku wa pili?

— Nikalala tena.

— Mlango je?

— Sikumbuki kama tulifunga.

Redio ndiye aliyeanza kucheka, nikafuata mimi, na Jaji akafuta macho kwa kofia yake akidai ni vumbi. Nilifurahi, jamani. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo kwa usingizi wa mtu mwingine.

Kufuli akataka kukaa. Jaji akamzuia kwa mkono. Sheria ni sheria, akasema: swali halijajibiwa, na ambaye hajaleta jibu hakai. Itabidi arudi kisiwani. Kufuli akalalamika kuwa hiyo si haki, huku akishindwa kuficha meno.

— Shemeji, nikamgeukia mkewe, wewe ulikuwepo. Tuokoe. Komeo liko ndani au liko nje?

Alikuwa ameshakaa kwenye nafasi ya mumewe. Spika alimpa kikombe cha mwisho, akainamisha birika kutuonyesha kwamba limekwisha. Shemeji yetu akapuliza kahawa yake, akanywa taratibu, akamtazama mumewe aliyesimama na kibegi.

— Mimi si fundi vitasa, akasema.